Mabaki ya jikoni: pipa la mboji, nyungunyungu au ndoo za bokashi?

NyumaYaJiko:
Habari wadau. Nimechoka kushuka ngazi na mfuko wa taka unaovuja. Nikiupekua, zaidi ya nusu ni maganda, makapi ya kahawa na chakula kilicholala. Mwisho wa mwezi huu nataka niwe nimenunua kimoja kati ya hivi: pipa la mboji la kuzungusha, boksi la nyungunyungu la trei tatu, au ndoo mbili za bokashi, zile za kuchachushia taka bila hewa, zenye koki. Hela ninayo ya kimoja tu. Kipi bora? Na tafadhali asije mtu kuniambia "inategemea".

Jembe_Butu:
Inategemea.
Hujasema una ua au huna. Mko wangapi? Nyama mnakula? Na mboji ikishaiva unaipeleka wapi? Watu hununua pipa kwanza, swali hilo linawajia baada ya miezi minne.

Mama_Wawili:
Ametaja ngazi, basi yuko ghorofani. Chukua bokashi, usihangaike. Ndoo inafungwa isiingie hewa, kila tabaka la taka unalinyunyizia zile pumba zenye vijidudu, unakandamiza. Ikijaa unaiacha wiki mbili huku unajaza ya pili. Inapokea nyama, jibini, mifupa midogo, vitu ambavyo nyungunyungu hawataki hata kuviona. Ukifungua unasikia harufu ya siki tu. Kila siku mbili tatu unafungua koki, yale maji unayazimua sehemu moja kwa mia unamwagilia maua. Mimi huu ni mwaka wa nne.

Kunguru77:
Mama, umeruka sehemu inayouma. Kinachotoka kwenye bokashi bado si mboji, ni taka zilizochachushwa. Ganda la ndizi linatoka likiwa ganda la ndizi, limebadilika rangi tu. Lazima ulifukie kwenye udongo wiki kadhaa ndipo liishe. Mtu wa ghorofani atafukia wapi, chini ya zulia?

Mama_Wawili:
Anatafuta boksi kubwa la plastiki, anatia udongo, anafukia humo na kufunika. Ndivyo ninavyofanya.

Kunguru77:
Kwa hiyo sasa ni ndoo mbili, boksi la udongo, na pumba za kununua kila zikiisha. Yeye kasema hela ya kitu kimoja.

NyumaYaJiko:
Samahanini, niliandika kwa haraka. Ghorofa ya tatu, roshani ndogo inayopigwa jua mchana kutwa. Tuko wanne. Nina vyungu sita vya maua. Nyama tunakula lakini si kila siku.

Mchanga_Mweusi:
Umesema jua mchana kutwa? Basi nisikilize kabla hujagusa nyungunyungu.
Nilianza na nusu kilo ya wale wekundu, Eisenia fetida, maana hawa wa kuchimba bustanini hawakai kwenye boksi. Miezi mitatu mambo yalikuwa matamu. Kisha wifi yangu akaja kukaa kwetu na watoto wake, taka zikawa mara mbili, nami kwa tamaa nikawa nawamiminia tu. Nyungunyungu wakiwa na afya hula kama nusu ya uzito wao kwa siku. Wangu uwezo wao ulikuwa robo kilo, mimi nawapa kilo nzima. Kisicholiwa kikaanza kuoza na kupata joto mle ndani. Juu ya hapo tukasafiri siku tano wakati wa joto kali, boksi likabaki roshani. Viumbe hawa wanastarehe kwenye nyuzi joto 15 hadi 25. Ikifika 35, andaa mazishi.
Tuliporudi nilifungua mlango wa roshani nikadhani panya kafia humo. Wenye akili walikuwa wameshatoroka. Niliwakuta wamekauka kwenye vigae kama nyuzi za kushonea, na wengine walidondoka kwa jirani wa chini, tena juu ya nguo alizoanika. Waliobaki ndani walikuwa uji. Yule jirani hakunisalimia tena mpaka anahama. Boksi nililisugua mara tatu kwa siki, leo linahifadhi viatu.

Jembe_Butu:
Pole, ila hayo ni makosa yako, nyungunyungu hawana kosa. Wangu wako chini ya sinki, kivulini. Nawatandikia maboksi yaliyochanwa, unyevu kama sifongo iliyokamuliwa, chakula nafukia chini ya matandiko ili nzi wadogo wasipate pa kutua. Hakuna harufu.

Mchanga_Mweusi:
Nimeandika "kwa tamaa". Soma vizuri, mkuu.

Tumbili_Mpole:
Mbona hamzungumzii mashine ya umeme? Unatia taka usiku, asubuhi unakuta unga mkavu. Kwisha.

Kunguru77:
Huo ni mlo uliokaushwa na kusagwa. Umwagie maji uone ukungu utakavyoota. Na umeme wake je? Shida yenyewe ni kwamba chakula kikifukiwa jalalani bila hewa kinatoa gesi ya methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 inapasha dunia joto karibu mara 28 ya kaboni dioksidi. Hatuwezi kuzima moto kwa kuwasha mwingine.

Tumbili_Mpole:
Bokashi nayo haina hewa. Mbona hiyo hamuisemi?

Mama_Wawili:
Ule ni uchachu. Bakteria wa bokashi hutengeneza asidi, na wanaotoa methani asidi hawaiwezi. Tafadhali usiponde usichokijaribu.

Shoka_Kipini:
Pipa la kuzungusha mlisahau kulizika, ngoja nilizike mimi. Lundo huhitaji ukubwa wa kama mita moja kila upande ndipo lishike joto la nyuzi 55 na kuendelea. Kipipa cha roshani hakifiki huko. Tena maganda mabichi peke yake hugeuka tope, lazima uchanganye majani makavu au maranda. Ghorofa ya tatu utayatoa wapi?
Ushauri wangu, usinunue kitu. Pima taka zako wiki moja kwanza. Ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, maganda na mifupa ikiwemo, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Huenda tatizo lako ni sufuria kubwa mno.

NyumaYaJiko:
Sufuria yangu umeiona wapi?
Haya, nimepima siku tatu: kilo nne na ushee, na chakula kilicholala ni kingi kuliko nilivyodhani. Chini ya sinki nina nafasi, ila mume wangu kasikia habari ya nguo za jirani na sasa hataki hata neno nyungunyungu litajwe mezani. Bokashi nayo, vyungu sita havitameza yote.

Jembe_Butu:
Mpe mwenye bustani. Uliza hapo jengoni kwanza.

Tumbili_Mpole:
Au tumia ile mifuko inayooza, taka unaitupa nayo humo humo.

Shoka_Kipini:
Mingi ya ile inahitaji joto la mitambo mikubwa. Nilitia mmoja kwenye lundo langu, huu mwaka wa pili. Neno "unaoza" bado linasomeka vizuri.

NyumaYaJiko:
Wadau, turudi kwenye mada. Mwisho wa mwezi ni Jumamosi.

Mama_Wawili:
Kabla hatujarudi: maganda ya mayai mnayasaga au mnayatia mazima?