Nampenda mtoto wa ami yangu na yeye ananipenda, mama hataki hata kusikia

bint_wete
Assalam alaykum jamani, naombeni ushauri wa kweli maana hapa nyumbani hakuna ninaeweza kumwambia. Mie mtu wa Wete lakini toka nimalize skuli nakaa Unguja kwa ami yangu, ndugu yake baba tumbo moja, nasoma chuo. Ami ana mtoto wa kiume kanizidi umri kidogo, hatukukua pamoja, tulikuwa tunaonana Idi tu na msimu wa karafuu wakija Pemba, na nilikuwa namuona mtu wa kawaida. Sasa hivi si wa kawaida tena, na yeye keshaniambia anataka kuleta posa. Hatujafanya lolote la haramu, hilo naapa.

Nilipompigia mama nikamdokeza alipandisha sauti, ati huyo kaka yako, watu watasema nini, na mkija kuachana mtatazamana vipi msibani? Kinachoniuma ni kwamba nilipohamia hapa mama huyo huyo ndie alienisisitiza nisikae kichwa wazi mbele ya huyo kijana kwa sababu si maharimu wangu, yaani si ndugu alieharimishwa kunioa. Kama si maharimu wa kuniona nywele, vipi leo amekuwa kaka wa kunikataza kuolewa? Halafu mama kamwambia shangazi, na shangazi kazua jengine, anasema huyo kijana alipokuwa mchanga mama yake aliumwa, basi yeye mtoto akaletwa Wete akanyonyeshwa huko, lakini hakumbuki na nani. Nimechoka, nifanyeje?

mzee_wa_ole
Waalaykum salaam mwanangu. Kuhusu udugu usitishike, aya ya 23 ya Suratun Nisaa imewataja wanawake wa kuharimishwa mmoja mmoja na mtoto wa ami hayumo, wala wa mjomba, wala wa shangazi. Bibi Zainab bint Jahsh alikuwa mtoto wa shangazi yake Mtume (SAW) na alimuoa. Mama yako anasema ya mila na mila ina uzito wake, ila asiipe jina la dini.

Lakini hilo la maziwa alilosema shangazi usilipuuze hata kidogo, hapo ndipo penye kazi. Kwetu madhehebu ya Shafii, mtoto akinyonya kwa mwanamke manyonyo matano kabla hajafika miaka miwili anakuwa mtoto wake wa ziwa, na ndugu wa ziwa hawaoani. Watu wengi wanajidanganya hapa, wanasema sisi hatukunyonya pamoja basi hakuna tatizo, sivyo. Kama alinyonyeshwa na mama yako keshakuwa mtoto wa mama yako na nyinyi wote mliozaliwa na mama yako ni ndugu zake, hata kama weye ulizaliwa miaka mitano baadae. Na kama alinyonyeshwa na bibi yenu, maana zamani bibi huwa bado ana mtoto kifuani na mjukuu keshazaliwa, basi huyo amekuwa ndugu wa baba yako, yaani ni ami yako weye, biashara imekwisha. Akiwa ni jirani alimnyonyesha, na weye hukunyonya kwa huyo jirani, hapana kitu.

kijana_wa_moshi
Samahani dada sitaki kukuvunja moyo ila mimi nimeshtuka kusoma. Kwetu Kilimanjaro ukoo mmoja hamuoani, mtoto wa baba mdogo ni dada yako kabisa, mtu akisema anampenda wazee wanaitwa kikao siku hiyo hiyo. Na kanisa katoliki nalo watoto wa ndugu hawafungi ndoa mpaka wapate ruhusa maalum. Hivi hamuogopi watoto kuzaliwa na matatizo?

nesi_unguja
Kaka wa Moshi swali lako zuri ngoja nijibu maana kila siku nasikia watu wanatishana. Wazazi wasio na udugu, katika watoto 100 kama 2 au 3 huzaliwa na kasoro kubwa. Wazazi wakiwa watoto wa ndugu wawili inafika kama 4 mpaka 6. Imepanda, siwezi kusema haijapanda, lakini wengi bado wanazaliwa salama. Hatari inaongezeka zaidi pale ambapo babu na bibi nao walikuwa ndugu, na wazazi wao pia, kizazi baada ya kizazi kwenye nyumba ile ile.

Kwa huku kwetu cha kuangalia mwanzo ni siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani hii malaria imekaa miaka na miaka na wenye kubeba nusu ya siko seli malaria haiwaui kirahisi, ndio maana wabebaji wako wengi na mtu hajijui, yuko mzima anacheza mpira. Mkiwa wote wawili mnabeba kila mimba ina asilimia 25 ya kupata mtoto mgonjwa, KILA mimba, si kwamba wa kwanza akiumwa watatu wanaofata wamepona. Na ndugu wa babu mmoja ni rahisi wote kubeba. Kipimo ni damu kidogo tu. Bint wete nendeni mkapime kabla posa haijaja, maana posa ikishapokelewa na majirani wakishajua mtaona aibu kurudi nyuma hata majibu yakiwa mabaya.

mama_mkoani
Mie niliolewa na mtoto wa mjomba wangu naongea ninachokijua. Watu waliniimbia binamu nyama ya hamu mpaka nikachoka, yakapita. Raha yake ni kwamba mama mkwe ni mke wa mjomba wako, kakujua toka unatambaa, hakuonei ugeni. Taabu yake mkigombana huna pa kukimbilia, ukienda kwa mama unamkuta mume kishafika mbele yako anakula, maana kwa mama yako ni kwa shangazi yake na wote wanamuonea huruma. Jambo dogo la chumbani linakuwa kikao cha ukoo mzima. Kwa hiyo mama yako anaogopa kitu cha kweli mdogo wangu, usimuone mbaya.

La pili mahari. Wataambiana hawa ndugu hawa, wekeni kidogo tu, tutamalizana. Mahari ni haki yako weye si ya baba yako wala ya ami yako, taja unachotaka na kiandikwe. Na nashukuru kwamba hapa mmependana wenyewe, kwa sababu nimeona wasichana wanapewa mtoto wa ami kwa sababu ya shamba la mikarafuu lisitoke nje, msichana analia na watu wanakula biriani. Hilo ndio la kukemewa, si hili lako.

bint_wete
Allah awalipe kheri nyote. Kumbe la jirani na la bibi ni mambo mawili tofauti, mie nilikuwa sijui kabisa. Bibi yupo hai na akili yake timamu. Nimuombe shangazi amuulize?

mzee_wa_ole
Usimtume mtu, uliza mwenyewe, maneno yakipita kwa shangazi yatafika yameongezwa. Na usimwambie kwanza kwanini unauliza, asije akajibu kwa kukupendelea au kwa kumfurahisha mama yako. Muulize ni nani alimnyonyesha, kwa siku moja au wiki nzima, na mtoto alikuwa keshaanza kutembea au bado. Mkubwa mwengine aliekuwepo nyumbani wakati ule muulize mbali. Majibu yakigongana mwendeeni kadhi hapo Wete, nyote wawili na wazee wenu, na mpaka hapo mwambie kijana asilete posa.