Mjadala: Je, udadisi humdhoofisha msomaji wa Biblia?

Ipo hoja inayorudiwa mara nyingi miongoni mwa Wakristo, kwamba muumini mwenye maswali mengi juu ya Biblia yuko mbioni kuiacha imani, na shahidi anayeletwa ni Zakaria, kuhani aliyefanywa bubu hekaluni kwa swali moja tu. Ninaipinga hoja hiyo, na ninaipinga kwa sura ileile ya kwanza ya Injili ya Luka inayotumiwa kuitetea.

Katika aya ya 18 Zakaria anauliza, "Nitajuaje neno hilo?" Katika aya ya 34 Mariamu naye anauliza, "Litakuwaje neno hili?" Malaika ni Gabrieli yuleyule, na kila mmoja ameahidiwa mtoto asiyetarajiwa, lakini mmoja ananyamazishwa na mwingine anaelezwa. Sababu imetajwa na Gabrieli mwenyewe: Zakaria hakuyasadiki maneno yake. Aliyetaka kujua jambo litatimiaje alijibiwa, tena akaongezewa habari za Elisabeti ambazo hakuziuliza.

Sidai kwamba kila udadisi ni mwema. Petro alipotaka kujua yatakayompata mwanafunzi mwenzake, Yesu alimkatiza na kumwambia amfuate yeye; na waliomsadiki William Miller, mhubiri Mmarekani aliyetangaza kwamba Kristo yu karibu kurudi, wakamngojea Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, walikuwa wamepewa onyo zamani, katika Matendo 1:7, kwamba nyakati na majira si kazi yao kuzijua. Augustino, askofu na mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, aliuhesabu udadisi miongoni mwa vishawishi, ingawa (na hili wanaomnukuu hulisahau) ni yeye huyo aliyekataa kumjibu kwa mzaha mtu anayeuliza Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba mbingu na nchi, akalichimba swali hilo kwa kurasa nyingi.

Ninachokihofia mimi ni swali linalozimwa. Mathayo anasema kwamba Yuda alijinyonga, na kwamba makuhani ndio walionunua shamba la mfinyanzi kwa fedha aliyoirudisha. Matendo ya Mitume yanasema Yuda mwenyewe alipata shamba, akaanguka, akapasuka. Kijana anayesoma kwa makini ataiona tofauti hiyo, apende asipende. Akiambiwa kwamba kuuliza ni kumjaribu Mungu, swali halitakufa. Atalipeleka kwa mtu mwingine, na huenda mtu huyo akawa ndiye mwenye nia ya kumng'oa katika imani. Heri asikie maelezo mbalimbali ambayo Wakristo wameyatoa tangu kale, ayapime, hata kama hakuna linalomridhisha kabisa.

Kwa hiyo ninawauliza wanaotaka maswali yapunguzwe: watu wa mji wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku ili waone kama aliyoyahubiri Paulo ndivyo yalivyo, na Luka akawaita waungwana kwa sababu hiyo. Ikiwa mtume alikaguliwa na wasikilizaji wake wakasifiwa, ni kwa msingi gani mhubiri wa leo asikaguliwe?