Naomba ushauri: panya wa ukubwa gani kwa chatu mdogo?

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, natunza chatu mchanga kwenye kituo cha wanyama chenye kibali. Ana gramu 600 hivi, mzima kabisa, na mimi nataka aendelee hivyo.

Mpaka sasa anakula panya weupe wa kwenye friza, wa gramu 25, mmoja kila wiki. Nawayeyusha kwanza, halafu nawapasha kwenye maji ya moto. Anammeza haraka, tumbo halionyeshi hata uvimbe, na kesho yake anazunguka tena anatafuta. Naona kabisa hashibi.

Muuzaji wetu ana saizi mbili tu zinazofuata: gramu 60 na gramu 120. Nimesoma kwamba chatu wa umri huu apewe mlo wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na panya asizidi sana unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Huyu wa 60 anaingia kwenye vigezo vyote viwili. Wa 120 ni mnene kumzidi, ingawa mwenzangu kazini anasema chatu anameza chochote. Anameza, sawa, lakini akitapika?

Tena usiku wa Juni na Julai huku ni baridi kweli, na nyoka akipoa chakula hakisagiki. Taa ya joto ipo, ila umeme hukatika.

Waliowahi kufuga, nisaidieni: nimpe mmoja wa 60, au wadogo wawili kwanza hadi azoee? Na msimu huu wa baridi, nipunguze saizi au niongeze siku kati ya mlo na mlo?