Farasi wa kwenye migodi ya makaa ya mawe, kweli walikuwa hawatoki nje?

mwenyegari_wete
Asalam alaykum jamani. Mwanangu kaja na habari ya skuli kuwa Uingereza zamani farasi walikuwa wakishushwa chini ya mgodi wa makaa wanaishi huko huko miaka, jua hawalioni mpaka wanapofuka macho. Mie hapa Wete nna punda wa gari, abebe mchanga safari za asubuhi tu ikifika saa sita ushamuona keshashusha masikio, basi nkamfikiria mnyama kutwa anavuta kwenye kiza kile roho ikaniuma kweli. Anaejua anambie, walikuwa hawatoki? Na kwa nini farasi, si watu?

baharia_malindi
Waalaykum salam ndugu yangu. Watu ndo walioanza, tena wanawake na watoto wadogo, wanaburura makaa kwa minyororo kiunoni. Mwaka 1842 ikapita sheria wanawake wote wasishuke na watoto wa kiume chini ya miaka 10 pia wasishuke, hapo ndo farasi wakazidi. Kufika 1913 walikuwa kama 70,000 chini ya ardhi Uingereza nzima. Wengi ni poni, vifarasi vifupi vya kama kule Shetland, visiwa vya Scotland, maana njia zenyewe ni za chini mtu anainama, wanavuta vitoroli kwenye reli.

Kuhusu kutoka inategemea mgodi. Ule wa shimo la kwenda chini wima, banda liko huko huko, limepakwa chokaa, wanakula na kulala humo na wanapandishwa juu wafanyakazi wakienda likizo tu. Ule wa njia ya mteremko walikuwa wanaweza kutoka kila siku zamu ikesha. Kupofuka kwa kiza si kweli, macho yaliumia kwa kujigonga, ndo wakavishwa kofia ya ngozi yenye kinga ya macho.

bintimkoani
Kaka baharia ahsante ila mie bado sijaridhika, mzigo umetoka kwa mtoto kapewa mnyama asoweza hata kusema nimechoka, na huyo wa likizo unamtoa akimbie kwenye majani siku chache halafu unamrejesha kizani, hivo anafahamu nini yule?? Mie naona huo ndo ukatili wenyewe.

baharia_malindi
Sikupingi bibie. Inasimuliwa kuwarejesha ilikuwa shughuli, kuwakamata tu malishoni kazi. Lakini usidhani wachimbaji hawakuwapenda, kijana alikuwa anapewa farasi wake mmoja, anamjua na anajuliwa, farasi anamuibia mkate mfukoni. Na wazee wa migodi wanahadithia farasi kasimama ghafla kagoma kwenda mbele, umpige umvute haendi, mara dari ya mbele inaporomoka. Mtu kaokolewa roho yake namna hiyo atamsahau vipi mnyama yule?

daktari_wa_ngombe
Niongeze hapo kwenye sheria, ya mwaka 1911 ilisema farasi asishushwe hajatimiza miaka 4, na kila siku akaguliwe na mtu maalumu wa kuwatunza. Mashine zikawapunguza kidogo kidogo, serikali ilipoichukua migodi 1947 walibaki kama 21,000. Wa mwisho wa migodi mikubwa walitolewa Ellington, kaskazini ya Uingereza, mwaka 1994, na kwenye kijimgodi cha mtu binafsi kule Wales, karibu na Pontypool, poni mmoja jina lake Robbie alistaafu 1999. Juzi tu hapo!

Na wewe mwenye gari, huyo punda anaeshusha masikio saa sita mtizame chini ya mkanda wa kifua na pale shogi linapokaa mgongoni, mara nyingi si uchovu mtupu, kuna kidonda kimejificha kwenye manyoya.

mwenyegari_wete
Daktari Allah akulipe, nimetoka kumtizama sasa hivi, mgongoni mzima ila kifuani pamechubuka upande wa kushoto. Gari halitoki kesho. Nipake nini?

daktari_wa_ngombe
Maji ya uvuguvugu na chumvi kwanza, pakauke, oili chafu usimpake kabisa. Mkanda uvirigie kitambaa kinene cha pamba, na asivae mpaka ngozi ifunge. Ntumie picha.