Wasifu wa makamanda wa zimamoto unaosomwa siku ya makabidhiano ni hewa tupu. Wana-Kigoma tuanze kuuliza!

Wakuu salaam.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "gari limekuja halina maji". Ule unawapiga mawe askari. Huu unawahusu wanaowaamuru.

Kila kamanda mpya anapoletwa mkoani, iwe hapa mwisho wa reli au kwingine kokote, ngoma ni ile ile. Mshereheshaji anashika karatasi: mheshimiwa ana shahada ya utawala, ana shahada ya uzamili ya utawala tena, amehudhuria kozi nchi za nje, amekuwa mkuu wa dawati fulani makao makuu, ana medali. Makofi, picha mbele ya gari jekundu, soda, kwaheri. Hakuna anayesoma alikaa miaka mingapi kwenye zamu, amewahi kushika pampu au hajawahi, mara ya mwisho kuvaa mtungi wa hewa ilikuwa lini, na ni moto gani mkubwa alioamuru yeye mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Ni kumpa mtu meli kwa sababu ana mwandiko mzuri.

Simtaji mtu na ninyi msitaje. Ninachokilaani ni mtindo.

Kwanza tuelewe wakubwa hawa wanatoka wapi, maana wengi tunadhani wote walianza kwa kuvuta mipira. Zamani vikosi vya zimamoto mijini vilikuwa chini ya halmashauri za majiji na manispaa. Ilipokuja Sheria Na. 14 ya 2007 tukapata jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Matokeo yake, ngazi za juu zimejaa watu wa asili tofauti kabisa. Wapo waliokulia kwenye vikosi vya halmashauri, wapo waliokulia viwanja vya ndege, wapo waliopanda tangu ukonstebo, wapo walioingia na digrii wakapita mafunzo na kuvishwa nyota za Mkaguzi Msaidizi, na wapo waliohamishwa kutoka majeshi mengine ya wizara hiyo hiyo. Hili la mwisho si siri wala si kosa. Thobias Andengenye, ambaye Kigoma tulimpata kuwa Mkuu wa Mkoa mwaka 2020, alikuwa Kamishna Jenerali wa Zimamoto, na kabla ya hapo alikuwa polisi. Kuongoza jeshi zima kitaifa, bajeti, nidhamu na ajira ni kazi ya utawala, na mtawala mzuri anaweza kutoka popote. Kuamuru moto wa soko saa nane usiku ni kazi nyingine. Shida yangu ni pale wasifu unapozichanganya hizi mbili kama kitu kimoja.

Kila asili ina nguvu yake na tundu lake. Mtu wa uwanja wa ndege, kwa mfano, amefundishwa kukimbizana na saa: viwango vya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) vinataka gari la kwanza lifike popote kwenye njia ya kurukia ndege ndani ya dakika 3, lengo likiwa 2. Povu la kuzimia moto wa mafuta analijua kama jina lake. Lakini uwanja wa ndege hauna vichochoro, hauna vibanda vya mbao vilivyoshikana paa kwa paa, na maji yake yanamsubiri hapo hapo. Mleteni Soko la Mwanga mwone kama kipimo chake cha dakika kinamsaidia pale gari lisipopita. Mtu wa ukaguzi naye anajua mlango wa dharura unafungukia wapi na mitungi ya kuzimia moto inatakiwa mingapi, ila anaweza kufika cheo cha Mrakibu bila kuamuru moto hata mmoja. Aliyepanda kutoka chini anaijua kazi kwa mikono, lakini mara nyingi ndiye anayesoma mchoro wa jengo kwa shida na kuandika taarifa inayokataliwa na bima. Wa jeshi jingine anajua kuzuia umati na kufunga barabara, jambo ambalo kwenye moto ni nusu ya kazi, tusimdharau.

Sasa kwa nini nimekasirika? Kwa sababu tundu la kiongozi linaonekana kwenye hesabu, na hesabu hizi ni za darasa la saba.

Chukua gari la lita 5,000. Nozeli moja ya kawaida inatoa kama lita 450 kwa dakika. Ukifungua mbili, maji yameisha ndani ya dakika tano na nusu. Kamanda aliyewahi kusimama kwenye paneli ya pampu anapoona moshi mweusi kwa mbali, kabla hata gari halijasimama, ameshaagiza gari la pili, ameshamtuma mtu kwenye haidranti (bomba la mtaani la kuchotea maji ya zimamoto) ya karibu na ufunguo mkononi, na ameshapiga simu kwa wenye maboza. Ambaye hajawahi, anaagiza maji pale nozeli inapoanza kukohoa. Hapo ndipo wananchi wanaanza kurusha mawe na kupiga kelele kwamba gari lilikuja tupu. Gari lilikuja limejaa, wakuu. Kilichokosekana ni agizo la dakika ya kwanza.

Mtungi wa hewa nao: ujazo wa lita 6, ukishindiliwa mpaka ba 300 (ba ni kipimo cha mgandamizo), una lita 1,800 za hewa. Filimbi ya tahadhari inalia kwenye ba 55 hivi, yaani lita 330 ni akiba ya kutokea, si ya kufanyia kazi. Zinabaki 1,470. Askari anayevuta mpira kwenye joto hula lita 50 kwa dakika, wakati mwingine zaidi. Ana dakika 29 kuingia, kufanya kazi na kurudi. Mtungi huo huo ukiwa umejazwa mpaka ba 200 tu kwa sababu kompresa ni mbovu, zinabaki lita 870 na dakika 17. Kiongozi ambaye hajawahi kuusikia ule mluzi akiwa ndani ya moshi anatazama mtungi mgongoni anaona mtungi. Haulizi geji inasoma ngapi, haweki mtu mlangoni na ubao wa kuandika jina, ba na saa ya kuingia. Halafu askari akianguka tunaambiwa alikuwa shujaa.

Na hapo bado sijafika ziwani.

Kigoma si Dodoma. Tuna bandari, tuna reli, tuna mafuta, tuna mialo ya Kibirizi na Katonga yenye mitumbwi ya mbao na mashine za petroli, na tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal. Wasifu wa kamanda wa hapa ungepaswa kuwa na mstari wa maji. Haupo.

Watu wanasema "ziwa lipo, mnakosaje maji ya kuzimia?" Sawa, lakini pampu hainyonyi maji kwa nguvu za ajabu, ni uzito wa hewa ndio unaoyasukuma kupanda. Usawa wa bahari, kwa nadharia, ni mita 10.3. Uso wa Tanganyika uko mita 770 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo nadharia inashuka mpaka mita 9.4 hivi. Ondoa msuguano wa mpira na uvujaji, kazini unabaki na kama mita sita na nusu. Ukiegesha gari juu ya ukuta ulio mrefu kuliko hapo, unaweza kunguruma mpaka asubuhi. Pete moja ya mpira (washa) ikikosekana kwenye kiungio, pampu inavuta hewa na maji hayapandi, na nje huoni tone linalovuja kwa sababu hewa ndiyo inayoingia ndani. Kipimo chake ni rahisi: ziba mdomo wa mpira, vuta hewa, zima, angalia geji. Sindano ikirudi mbio, kuna kiungio kinavuja. Kifanyike kituoni kila wiki, si siku ya moto.

Mwaloni ndiyo balaa zaidi. Gari la tani kadhaa likishuka kwenye mchanga halitoki, na chujio la mdomo wa mpira wa kunyonyea likilala chini linameza mchanga unaokula mapangaboi na sili za pampu. Kinachotakiwa pale ni pampu ya kubebwa na watu wanne, mpira wa kunyonyea uliofungwa kwenye dumu tupu ili chujio lielee katikati ya maji, lisiguse chini wala lisiwe juu sana likavuta hewa. Kamanda aliyetoka mji wa maghorofa huja na swali la ngazi ndefu ya hidroliki. Atapanda nayo wapi Kibirizi?

Uzamiaji ndio unaonitisha kuliko yote. Majedwali ya kawaida ya wazamiaji yamepangwa kwa usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 juu ya bahari unahesabiwa kuwa unazamia mwinuko, na muda wa kukaa chini lazima urekebishwe. Hapa tuko zaidi ya mara mbili ya hapo. Anayeruhusu kijana ashuke mita 30 kwa jedwali la Dar anampeleka kwenye ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni. Kibaya zaidi, kijana akishamaliza anapakiwa kwenye gari kwenda tukio jingine Kasulu, mamia ya mita juu zaidi ya ziwa, viungo vianze kumuuma njiani aambiwe ni uchovu. Kamanda si lazima awe mzamiaji. Lazima ajue la kumuuliza mzamiaji.

Mafuta nitayapitia haraka. Tenki la petroli la kipenyo cha mita 10 lina uso wa mita za mraba 78 na nusu. Kiwango cha NFPA 11 (NFPA ni chama cha Marekani kinachoandika viwango vya zimamoto) kwa kuzima kutoka nje ni lita 6.5 za mchanganyiko wa maji na dawa ya povu kwa kila mita ya mraba kwa dakika, kwa dakika 65. Piga hesabu: zaidi ya lita 33,000 za mchanganyiko, na kwa dawa ya asilimia 3 unahitaji karibu lita 1,000 za dawa ya povu. Ukianza na madumu kumi ya lita 20, umeliongezea tenki maji tu. Povu linakufa kabla halijafunika. Usianze mpaka dawa yote iwe pembeni, poza matenki jirani kwanza. Uamuzi wa kungoja huku kila mtu anakufokea uzime, huo hautoki kwenye shahada ya utawala.

Nimesoma michango ya mwanzo. Mmoja anasema madiwani wambane kamanda. Mkuu, jeshi ni la serikali kuu, baraza la madiwani halimwajiri wala halimfukuzi. Linaweza kumwalika na kumuuliza, na ndicho ninachotaka. Aulizwe mambo ya kushikika. Ramani ya haidranti zinazofanya kazi, iko wapi na ilijaribiwa lini? Orodha ya wenye maboza na wenye boti, namba zao alikabidhiwa na mtangulizi wake? Nani zamu ya leo anaruhusiwa kuingia na mtungi? Uhamisho ni wa kila mara, kwa hiyo faili la makabidhiano lina thamani kuliko hotuba. Likiwa na idadi ya viti, meza na magari peke yake, huyo mpya anaanza sifuri na sisi tunaanza naye.

Mwingine ameuliza kwani wenzetu wanafanyaje. Marekani kulikuwa na kiwango cha NFPA 1021 chenye ngazi nne za uofisa: ngazi ya kwanza ni kusimamia kikosi cha gari moja, ya nne ni kuongoza idara nzima, na huwezi kupewa cheti cha ya pili bila kuwa na ya kwanza. Siyo lazima tunakili. Chuo cha zimamoto cha Chogo kipo Handeni, kitambue ngazi hizo na ziandikwe kwenye wasifu: fulani, amri ya gari moja, miaka mitatu, kituo fulani, amri ya magari matatu na zaidi, matukio kadhaa, ya aina hii. Karatasi moja inatosha.

Na wewe uliyeandika kwa kejeli kwamba "kiongozi hashiki mpira": hakuna aliyemwambia ashike. Anatakiwa ajue lini awatoe vijana. Nyumba nyingi za vijijini Kasulu na Buhigwe zina kuta za tofali mbichi. Moto ukiunguza kenchi za mbao, bati linaning'inia na kuusukuma ukuta nje, na maji unayomwaga wewe mwenyewe yanalainisha tofali kwa chini. Ukiona ukuta umelowa mpaka usawa wa goti, paa limebonyea katikati na ufa umetokea kwenye kona, muda umekwisha. Rudisha watu nyuma mara moja na nusu ya urefu wa ukuta: ukuta wa mita 3, simama mita 4 na nusu au zaidi, ukae upande wa kona, usikae mbele ya ubapa wake. Amri hiyo inatolewa na mtu mmoja, kwa sauti, ndani ya sekunde chache. Niambie kwenye ule wasifu waliousoma siku ya makofi, ni mstari gani unaoonyesha kwamba anaweza kuitoa.

Nawasilisha.