Bendera ya Jamaica na yetu kwenye ukuta mmoja

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Hapa Birmingham Watanzania tunatumia ukumbi mmoja na Wajamaika. Mwaka huu wametualika kwenye sherehe yao ya uhuru, 6 Agosti, na wameomba twende na bendera yetu itundikwe kando ya yao. Kazi ya kutundika nimepewa mimi. Mwenye uzoefu anielekeze, nisije nikawaudhi wenyeji. Halafu binti yangu wa miaka tisa ananiuliza mbona bendera hizi ni kama ndugu. Sikuwa na jibu.

Mama wa Birmingham

———

Dada, salama. Huyo binti ana jicho. Mwambie zilibakia kidogo ziwe pacha.

Mwaka 1962 bendera ya Jamaica ilibuniwa na kamati ya wabunge wa serikali na wa upinzani. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa milia iliyolala, kwa rangi hizo hizo za kijani, nyeusi na dhahabu. Ukaonekana unafanana mno na bendera ya Tanganyika, iliyopandishwa 9 Desemba 1961: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na vimilia vya dhahabu vikizitenga. Ndipo wakachukua msalaba wa mshazari wa dhahabu, kijani kikakaa juu na chini, nyeusi pembeni huku na huku. Ikapandishwa usiku wa manane kuamkia 6 Agosti, Uwanja wa Taifa, Kingston. Miaka miwili haikuisha, sisi wenyewe tukaiacha ile ya milia: Muungano wa 1964 ukaleta bluu ya Zanzibar, na mstari mweusi nao ukawa wa mshazari.

Rangi ndiyo inayonigusa zaidi. Kwetu nyeusi ni watu, tangu mwanzo. Kwao, mwaka 1962, nyeusi ilitangazwa kuwa ni shida, zilizopita na zijazo. Msemo wao ulikuwa huu: shida zipo, lakini ardhi ni ya kijani na jua linawaka. Ikabaki hivyo miaka 34. Mwaka 1996, enzi za Waziri Mkuu P. J. Patterson, kamati ya alama za taifa ikapendekeza maana nyingine, na ndiyo inayofundishwa leo: nyeusi ni nguvu na ubunifu wa watu, dhahabu ni mwanga wa jua na utajiri wa nchi, kijani ni matumaini na kilimo. Mimi nafurahi ilibadilishwa. Mtoto mweusi asiambiwe kwamba rangi yake kwenye bendera ya nchi yake maana yake ni tabu.

Ila wazee wengi bado wanaisema ile ya zamani, usiwasahihishe. Jirani yangu, bibi aliyekuja Uingereza akiwa msichana, alipomzika mumewe walitandika bendera juu ya jeneza. Nilisimama karibu naye. Akapitisha kidole gumba polepole kwenye ile pembe nyeusi, akasema, "Hii ni miaka yetu ya kwanza hapa." Mjukuu wake akamshika mkono akamwambia, "Hapana bibi, hiyo ni sisi." Bibi hakubisha, na kidole hakukiondoa.

Sasa kazi yako. Bendera yao hata ukiigeuza juu chini inabaki ile ile. Ya kwetu ndiyo ya kuangalia: kijani kiwe juu upande wa mlingoti, bluu chini. Ya kwao isiguse sakafu, isiwe ndogo kuliko nyingine, wala isiwe na bendera ya nchi nyingine juu yake. Kwa hiyo pandeni wawili, mmoja ashike kitambaa.

Kaka wa Coventry

———

Naongeza kidogo kuhusu kununua. Sokoni utauziwa yenye nyekundu, njano na kijani, uambiwe ni ya Jamaica. Hizo ni rangi za Marasta, asili yake Ethiopia. Bendera ya Jamaica haina nyekundu, nyeupe wala bluu, na tangu Mauritania iongeze nyekundu mwaka 2017, hakuna bendera nyingine ya taifa ya namna hiyo duniani. Kingine, yao rasmi urefu ni mara mbili ya upana, yetu ni tatu kwa mbili. Chagua zenye upana sawa ndipo zikae vizuri ukutani. Na hilo la kijani juu msilidharau: hapa Leicester yetu ilitundikwa kichwa chini sikukuu ya Uhuru, mzee mmoja akasimamisha wimbo wa taifa mpaka ikageuzwa.

Shangazi wa Leicester

———

Asanteni sana. Ya upana sawa nimeshaiagiza. Binti amechora zote tatu, na ile ya Tanganyika ya 1961, anataka kumpelekea mwalimu wake. Kaka wa Coventry, Jumamosi saa nne asubuhi njoo tushike ngazi.

Mama wa Birmingham