Wametuuzia tikiti za Siku Njema, lakini Tanga wameikata yote

Wadau, tangu Jumamosi nina donge rohoni na leo lazima niliseme.

Kuna kundi la maigizo linalozunguka mijini likiigiza Siku Njema, riwaya ya marehemu Ken Walibora. Jina la kundi silitaji. Mimi ni mkazi wa Kitale, na aliyesoma kitabu hicho anajua Kitale ina maana gani humo: mhusika mkuu, Msanifu Kombo, anatoka Tanga, anavuka mpaka, anasafiri nchi nzima hadi huku kwetu kumtafuta babake. Walibora mwenyewe kwao ni Cherangany, humu humu Trans Nzoia, na ndiko alikozikwa mwaka 2020. Kwa hiyo anayeleta Siku Njema Kitale ajue analeta kitu nyumbani kwake.

Nilituma 3,000 kwa M-Pesa, tikiti tatu: yangu, ya mama watoto, na ya binti yetu aliye kidato cha pili. Nakala niliyoisomea sekondari, enzi hizo kitabu kikitahiniwa, ninayo mpaka leo ingawa jalada limeng'oka. Wiki mbili kabla ya onyesho nilimpa binti. Alikimaliza kwa siku nne, akaanza kuniuliza Tanga ni mbali kiasi gani.

Tangazo lilisema saa nane. Walianza saa kumi na dakika ishirini. Hilo ningelisamehe. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, wakipokezana kama kijiti cha mbio. Hilo pia basi. Waigizaji watano kucheza watu wote wala si kosa, maana kundi la safari haliwezi kubeba watu thelathini, na nimeona watoto wa shule kwenye tamasha za drama wakijenga kijiji kizima kwa kigoda na leso mbili.

Kosa lao ni kwamba waliikata Tanga. Yote! Mchezo ulianza Kombo akiwa tayari yuko Kenya na begi mgongoni. Zainabu Makame, mamake, mwimbaji wa taarabu, ambaye kifo chake ndicho kinachomwacha yule mtoto bila mtu, alipewa sentensi moja tu: "Mamangu alishafariki." Basi, wakaendelea. Binti yangu alinigeukia akaninong'oneza, "Baba, kwani Zainabu haji?" Nikamwambia subiri, labda watamrudia kwa kumbukumbu. Tulisubiri hadi taa zikawashwa.

Na taarabu je? Tanga ndiko zilikotoka bendi za taarabu za Black Star na Lucky Star, ndiko mwimbaji Shakila alikoimba nyimbo ambazo wazazi wetu walizisikiliza redioni mpaka huku bara. Huhitaji fidla wala kinanda kuifikisha jukwaani. Mwanamke mmoja aliyejitanda leso, asimame, aimbe beti mbili bila ala, ukumbi mzima ungenyamaza. Wao walitupigia wimbo wa klabu kutoka kwenye simu, mabinti wawili wakakata viuno, eti huo ndio ucheshi wa kuwaamsha watazamaji. Hakuna aliyekuwa amelala. Tulikuwa tunasubiri hadithi!

Kilichoniuma zaidi ni lugha. Kombo, kijana aliyeitwa Kongowea Mswahili kwa jinsi anavyokimudu Kiswahili, jukwaani anasema, "Maze, mi nasaka buda yangu." Sina ugomvi na Sheng. Wanangu wanaizungumza mezani na sijawahi kuwagombeza. Lakini ukimvua Kombo Kiswahili chake umebakiwa na nani? Kitabu kizima ni yeye anayesimulia, kwa nafsi yake, kwa methali zake na majivuno yake ya lugha. Wangemsimamisha pembeni mwa jukwaa asimulie, wengine waigize anachokisema, ingetosha kabisa. Jambo hilo halina gharama hata shilingi moja. Wanahitaji tu kukisoma kitabu, na nina hakika kuwa yule kijana mkuu hakukisoma, maana mara mbili alikosea jina la mama.

Sehemu ya Kitale, tuliyoingoja wote, ilichukua dakika tano. Mwenye ukumbi alikuwa tayari mlangoni na funguo.

Baadaye nilimfuata msimamizi wao. Nilimsalimu kwa heshima, nikamuuliza kama wana kibali cha familia au cha mchapishaji. Akanijibu, "Mzee, hicho ni kitabu cha zamani." Cha zamani! Kilitoka mwaka 1996, na kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya mwandishi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Walibora alifariki Aprili 2020. Hesabu wenyewe: mpaka mwisho wa 2070 kitabu hicho kina wenyewe. Nikaomba nirudishiwe angalau pesa ya binti. Akasema atanipigia Jumatatu. Leo ni Alhamisi na namba yake haipatikani.

Bango lao linasema wanaelekea Eldoret, kisha Kakamega, na walimu wameanza kuchangisha wanafunzi pesa za basi. Walimu wangu, nawasihi, kabla hamjatuma hata shilingi, waulizeni swali moja tu: Zainabu Makame ataimba?